Kutunza Spika katika Nchi ya Vumbi

Somo kwa walimu, wazee na waimbaji wa sharika za Karatu na Ngorongoro

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya chombo ambacho karibu kila usharika unacho, lakini ni wachache wanaojua kilichomo ndani yake. Chombo hicho ni spika. Watu wengi hukiita kipaza sauti, na jina hilo hilo huwapa maikrofoni, hata fundi akiambiwa kwamba kipaza sauti kimeharibika hajui achukue nini mkobani. Basi katika somo hili tutasema maikrofoni kwa kile kinachopokea sauti, na spika kwa kile kinachoitoa.

Spika nzuri hununuliwa kwa mali ya watu wengi. Ni debe la mahindi la mjane, ni mbaazi na maharage, ni kuku walionadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, ni vitunguu vilivyopandishwa kutoka Mang'ola. Ikiisha kununuliwa, husema vizuri mwaka mmoja au miwili. Halafu sauti yake huanza kuwa nzito, kama ya mtu asemaye huku amejifunika blanketi. Mtumishi wa mitambo huongeza nguvu, spika ikaanza kukwaruza, akaongeza tena, ikanyamaza. Ndipo wazee huketi barazani na kuamua kununua nyingine, iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Sisi twasema ya kuwa nyingi katika spika zilizolala katika stoo za makanisa hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa vumbi, na kwa waya mwembamba, na kwa amplifaya iliyolazimishwa kupita nguvu zake. Na mambo hayo matatu yote yaweza kuzuiwa na mtu asiye fundi, kwa brashi, kitambaa na saburi.

Kabla ya kusema habari ya brashi, yafaa tuone ni nini kinachopotea spika ikichoka, maana si ukubwa wa sauti peke yake. Sauti ya mwanamume asemaye huanza katika mitetemo kama 100 kwa sekunde, na ya mwanamke kama 200. Hizo ni sauti za chini, zenye nguvu, nazo hutolewa na spika kubwa iitwayo wufa. Lakini herufi zilizo pumzi tupu, kama s, f, sh na th, ziko juu sana. Mvumo wa s una nguvu nyingi juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Hizo hutolewa na spika ndogo iitwayo twita. Simu za zamani zilikata kila kitu kilichopita mitetemo 3,400, ndiyo sababu mtu alipotaja jina lake katika simu tulimwuliza, Je, ni s au f?

Sasa twita ikifa, spika hainyamazi, na hii ndiyo hatari yake. Wufa huendelea kunguruma, kwaya husikika, watu hudhani kila kitu ni sawa. Lakini msomaji asomapo kusikia, walio nyuma hawajui kama amesema kusikia au kufikia; asomapo thamani, wapokea samani. Na Kiiraqw chaumia zaidi, maana kina sauti ile iandikwayo sl, kama katika neno slee, yaani ng'ombe, ambayo ni mvumo wa pumzi upitao kando ya ulimi, bila mlio wo wote wa koo. Tena ni desturi ya masikio ya binadamu kupoteza kwanza sauti za juu mtu azeekapo. Kwa hiyo bibi aketiye benchi la mwisho hupungukiwa mara mbili: kwa sikio lake, na kwa twita iliyokufa ambayo hakuna aliyejua kuwa imekufa. Hatalalamika. Ataketi tu na kuinama pamoja na wengine.

Sasa tufungue sanduku kwa mawazo, tuone kilichomo. Namna hii ya spika tuitumiayo leo ilielezwa na mafundi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na tangu hapo asili yake haikubadilika. Hata spika ya bei kubwa kabisa iuzwayo leo ni ndugu wa ile, na ni ndugu wa ile ndogo iliyokuwa ndani ya redio ambayo wazee wetu waliisikilizia Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, tangu mwaka 1963 hata kituo kile kilipotwaliwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Nyuma kuna sumaku nzito. Katika chuma cha sumaku umeachwa upenyo wa duara, na ndani ya upenyo huo huning'inia koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa juu ya bomba jepesi. Koili haigusi upande wo wote, na nafasi iliyobaki kila upande mara nyingi haizidi nusu milimita. Umeme wa amplifaya ukipita katika koili, koili nayo hugeuka sumaku, ikavutwa na kusukumwa mbele na nyuma, mara mamia na maelfu kwa sekunde. Imegundishwa kwa koni. Koni husukuma hewa. Na hewa itetemekayo ndiyo sauti tuisikiayo.

Koni imeshikwa mahali pawili. Ukingoni hushikwa kwa mkunjo wa kitambaa, au wa mpira, au wa sponji. Chini, karibu na koili, hushikwa na kitambaa kigumu chenye mikunjo ya duara, ambacho kazi yake ni kuiweka koili katikati ya upenyo isiyumbe. Mbele, katikati ya koni, kuna kikofia cha mviringo. Wengi hudhani kikofia hicho ni pambo, na watoto hupenda kukibonyeza. Si pambo hata kidogo. Ni mlango uliofungwa, uzuiao vumbi lisiingie penye koili. Twita nayo imetengenezwa vivyo hivyo, ila kila kitu ni kidogo, na mahali pa koni pana kiwambo cha titani au cha plastiki, kilicho chembamba kuliko karatasi ya gazeti hili.

Basi tufike penye vumbi, maana hapa nchi yetu ina jambo lake ambalo vitabu vya mafundi wa Ulaya havilitaji. Vumbi la nchi nyingine huingia katika spika kwa bahati tu. La kwetu huitwa liingie. Udongo wa Karatu umetokana na miamba ya volkano, na wekundu wake ni kutu ya chuma. Pamoja na kutu hiyo mna chembe nyeusi za chuma cha namna iitwayo magnetaiti, ambacho hushikwa na sumaku. Watu waliofika Olduvai wameuona mchanga mweusi uhamao, kilima cha jivu la volkano chenye kimo cha mita kama 9 na urefu wa mita kama 100, ambacho upepo hukisogeza kwa wastani wa mita kama 17 kila mwaka bila kukitawanya. Chembe zake zina chuma kingi, hata ukiileta sumaku karibu nazo huruka na kuning'inia kama ndevu. Wala hapana haja ya kwenda mbali hivyo ili kusadiki. Twaeni sumaku ya spika iliyokufa, mwifunge katika karatasi, mwipitishe katika mchanga wa kijito au wa ukingo wa barabara baada ya mvua, kisha mtazame kilichoshika juu ya karatasi. Fikirini sasa chombo chenye sumaku kali kuliko kitu cho chote kilichomo kanisani, kimesimama miezi ya Juni hata Oktoba katika nchi hii, dirisha likiwa wazi na magari yakipita njiani. Kikofia kikitoboka tundu dogo tu, chembe zile huvutwa ndani na kukaa penye nafasi ya nusu milimita, wala hazitoki zenyewe. Mkwaruzo ule mnaousikia, kama mchanga katika meno, mara nyingi ndio huo.

Kwa sababu hiyo sheria ya kwanza ni kwamba kikofia kilichotoboka kisikae hata juma moja. Kizibwe mara moja kwa kipande cha karatasi laini au kitambaa chepesi na gundi nyeupe ya karatasi, kidogo tu, hata fundi apatikane. Kikiwa kimebonyea bila kutoboka, kiacheni. Hakidhuru sauti sana, na wengi wanaojaribu kukiinua kwa pini huongeza tundu mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Kusafisha si kazi ngumu, lakini ina makatazo. Ondoeni chuma cha matundu kilicho mbele. Nyuma yake mara nyingi mna sponji nyembamba; mkiipiga juu ya jiwe mtashangaa vumbi litokalo, na vumbi hilo ndilo lizibalo sauti za juu kwanza. Sponji yafuliwa kwa maji na sabuni kidogo, ikaanikwa kivulini hata ikauke kabisa. Sponji yenye unyevu ikirudishwa mbele ya koni ni afadhali isingalifuliwa. Koni yenyewe hupanguswa kwa brashi laini na kavu, kama ile ya kupakia rangi ambayo haijatumiwa, kuanzia katikati kwenda ukingoni, spika ikiwa imesimama ili vumbi lianguke chini. Maji yasiguse koni ya karatasi kamwe. Wala msiipeleke spika penye mashine ya kujaza upepo matairi. Tumewaona vijana wenye bidii wakifanya hivyo, na upepo ule hupasua kikofia na kulisukuma vumbi mpaka ndani ya upenyo, kinyume cha walivyokusudia. Na angalieni bisibisi. Sumaku ya nyuma huivuta kwa nguvu mkononi mwa mtu, nayo hupita katika koni kama mkuki. Anayefungua misumari ya ukingoni aweke kiganja cha mkono wa pili kati ya chuma na koni.

Misumari hiyo yenyewe hulegea kwa kutetemeka. Sanduku likipiga kelele kwa noti moja ya kinanda na kutulia kwa nyingine, kazeni misumari kabla ya kumwita fundi: kidogo kidogo, huu na ule uliouelekea, kama mtu afungavyo gurudumu la gari.

Mifuko ya kufunika ni jambo ambalo akina mama wa usharika waweza kulimaliza kwa siku moja. Iwe ya kitambaa kizito cha pamba, yenye kufika chini. Nailoni haifai, kwa sababu huzuia vumbi lakini hufunga unyevu ndani. Na spika iwekwe juu ya ubao, mbali na ukuta wa udongo, uso wake ukitazama mbele kama inavyosimama kazini. Isilazwe chali. Ikilala chali miezi mingi, koni nzito hushuka kidogo kidogo kwa uzito wake, koili ikaacha mahali pake; tena uso wake hugeuka sahani ya kupokea vumbi.

Ninyi mlio juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, mna adui wa pili. Mji wa Karatu uko mita kama 1,500 juu ya bahari, lakini ukingo wa kreta hupita mita 2,200, na ukungu wake mnaujua kuliko sisi. Spika iliyolala katika stoo baridi ikiletwa katika nyumba iliyojaa watu, hewa yenye joto na pumzi huacha umande juu ya kila kitu kilicho baridi, nayo koni ya karatasi huunywa, na vyuma vya kuungia waya hufanya kutu. Dawa yake haina gharama: zileteni spika saa moja au mbili kabla ya ibada, mziache ndani ya mifuko yao hata zipate joto la nyumba, ndipo mzifunue.

Wako na wageni wenye miguu. Masanduku mengi yana tundu la hewa mbele au nyuma, ambalo liko kwa makusudi ili kuzipa nguvu sauti za chini. Nyigu wa udongo hulipenda sana. Panya hulipenda zaidi, na hupata ndani pamba tayari kwa kiota. Wavu mwembamba wa dirisha ukikazwa nyuma ya tundu huwazuia wote wala hauzuii sauti. Pembe ya twita nayo itazamwe kwa tochi kila mwanzo wa mwezi; tumewahi kuona nyumba ya nyigu imeziba koo la pembe kabisa, na usharika ulikuwa umekwisha kuambiwa kwamba twita imeungua.

Tuseme sasa juu ya kuungua. Katika kila wati 100 zinazoingia katika spika, sauti ni wati 1 hata 5 tu, na zilizobaki zote hugeuka joto ndani ya koili ile ndogo. Shaba ikipata moto huukataa umeme: koili ikipanda digrii 150 juu ya hali yake ya kawaida, ukinzani wake huongezeka kama sehemu 58 katika 100. Ndiyo maana siku za semina na mikutano ya nje, baada ya saa tatu za kupiga kwa nguvu, sauti hufifia ingawa hakuna aliyeishusha. Mtumishi asiyejua huongeza tena, na koili huzidi kupata moto hata gundi yake ikayeyuka. Anayejua hupumzisha.

Wengi hudhani spika huungua kwa kuwa amplifaya ni kubwa mno. Mara nyingi ni kinyume, na hili twaomba mlisome mara mbili. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita kipimo chake hukata vilele vya mawimbi ya sauti, kama mtu akatavyo vilele vya vilima kwa jembe. Mawimbi yaliyokatwa hivyo huzaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwamo katika neno wala katika wimbo, nazo zote huenda kwenye twita, iliyo dhaifu kuliko wote. Taa nyekundu ya amplifaya ndiyo habari ya jambo hilo. Ikimulika mara moja moja katika kishindo cha ngoma, haidhuru. Ikikaa inawaka, twita inaungua saa hiyo hiyo. Na inapofanya kazi kwa jenereta iyumbayo au kwa betri ya jua iliyochoka jioni, amplifaya hufikia kikomo mapema zaidi kuliko ilivyoandikwa juu yake. Mluzi ule mkali wa maikrofoni iliyoelekezwa kwenye spika huua vivyo hivyo, tena upesi. Kwa sababu hiyo pia twashauri utaratibu huu: vitu vingine vyote viwashwe kwanza, amplifaya iwe ya mwisho, na wakati wa kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. Jenereta iache ikatulia kabla ya kuunga cho chote.

Waya ni sura ambayo wazee wa fedha hawapendi kuisikia, maana waya hauonekani wala haumsifu mtu. Lakini sikieni hesabu. Spika mbili za omu 8 zimeungwa pamoja, zikawa omu 4 kwa amplifaya, nazo ziko mita 30 kutoka hapo. Umeme hwenda na kurudi, basi njia ni mita 60. Ukiwa waya ni ule mwembamba wa 0.75, ukinzani wake ni kama omu 1.4, na nguvu izifikiayo spika ni kama 55 tu katika 100 ambazo zingalizifikia kama waya ungalikuwa haukinzi kitu. Ukiwa waya ni wa 2.5, zitafika kama 82. Yaani usharika ulionunua spika za bei kubwa na kuziunga kwa waya mwembamba umenunua mbili na kuipa njia nusu yao. Tena angalieni sokoni waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukwaruzeni kwa kisu, na ukiwa mweupe ndani ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi. Ncha za waya zikatwe upya na kukunwa kila mwaka, maana shaba iliyopata unyevu hufanya ukoko, nao ukoko hupiga kelele za kukatikakatika ambazo watu humsingizia mwimbaji.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwamba dawa ya sauti hafifu ni spika kubwa zaidi. Kuzidisha wati mara mbili, kutoka 200 kufika 400, huongeza desibeli 3 tu, na sikio huona badiliko dogo. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, wati hazina budi kuwa kama mara kumi. Kabla ya kununua, hesabuni kwanza zile zinazopotea katika waya, katika sponji iliyojaa vumbi, na katika twita iliyokufa. Hatusemi kwamba usharika usinunue kamwe. Twasema usinunue kabla ya kupima.

Kupima kwenyewe hata mwanafunzi wa kipaimara aweza. Kunjeni gazeti hili liwe bomba, mweke ncha moja sikioni na nyingine mbele ya twita, sauti ikiwa chini. Mkisikia s ya msomaji ikitoka hapo, twita ni hai. Rudieni kwa kila twita peke yake. Kwa wufa iliyofunguliwa, twaeni betri moja ya tochi ya volti 1.5, mguse ncha zake kwa nukta moja: koni isogee na kulia ti. Chanya kwa chanya koni hutoka mbele. Katika spika mbili, moja ikitoka na nyingine ikiingia, zimeungwa kinyume, nazo zitakulana sauti za chini hata kwaya isikike nyembamba. Twita isiguswe na betri. Mwenye kipimo cha umeme atakuta kwamba wufa ya omu 8 husoma kama 5.5 hata 7, wala hilo si kosa, maana ile 8 ni ya umeme wa sauti na si wa betri. Isiposoma kitu, koili imekatika. Mwisho, bonyezeni koni polepole kwa vidole vinne vilivyotandazwa sawasawa, na sikio likiwa karibu: ikienda kimya ni njema, ikikwaruza, kuna chembe ndani au koili imeacha katikati.

Neno moja kwa sharika zilizopewa spika za nyumbani na marafiki wa ng'ambo. Nyingi kati yake zilikuwa za bei kubwa sana siku zake, na mbao zake bado zang'aa. Lakini ukingo wa koni ukiwa wa sponji, sponji hiyo huoza kwa hewa na unyevu hata isipotumika, na ikiisha miaka kama 15 au 20 huwa unga kidoleni. Iguseni kidogo kabla ya kuipiga, maana koni isiyoshikwa ukingoni huyumba na kuivunja koili. Msihuzunike mkikuta imeoza, wala msiitupe. Ukingo waweza kubadilishwa, sumaku na koili zikabaki zile zile, nayo spika ikasema kama mwanzo. Ila atakayefanya kazi hiyo aiweke koili katikati kwanza kwa vipande vya karatasi ngumu ndipo agundishe, wala asitumie gundi ya viatu. Katika masanduku ya umri huo kapasita zilizo kati ya wufa na twita nazo mara nyingi zimekauka, na fundi azibadilishe kwa za kipimo kile kile.

Tena twashauri kila usharika uwe na daftari dogo, likae pamoja na waya. Liandikwe siku spika iliponunuliwa, kipimo cha omu kilichosomwa siku hiyo, siku iliposafishwa, na jina la aliyeisafisha. Fundi akija, asomewe kwanza daftari kabla hajashika bisibisi. Naye akisema koili imeungua, aombwe aitoe na kuionyesha, maana koili iliyoungua ni nyeusi na hunuka, lakini iliyokwama kwa vumbi hung'aa kama siku ilipozungushwa. Ikiwa yang'aa, mpeni utepe wa karatasi wenye gundi, aukunje gundi ikiwa nje, aupitishe polepole katika upenyo kuuzunguka wote, mara nyingi, hata utepe utoke bila chembe nyeusi.